Hasara ya Nyumba: Uhakiki wa Filamu Tatu za Lugha ya Kifaransa

Methali mbili za Kiswahili hugombana kila mara ulezi unapozungumzwa. Moja yasema samaki mkunje angali mbichi. Ya pili yasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ya kwanza yamfanya mtoto kuwa kitu laini kilichomo mikononi mwa mkubwa, nacho hukunjika kama mkubwa apendavyo iwapo hakuchelewa. Ya pili yamfanya mzazi kuwa mtu aliyefungwa na mtoto wake, asiyeweza kumtendea jambo bila ya jambo hilo kumrudia mwenyewe. Watu wengi huzitumia zote mbili pasipo kuuona ugomvi, kwa sababu katika nyumba nyingi ugomvi huo haupati nafasi ya kutokea. Lakini iko nyumba ambamo hutokea, nayo ni nyumba ya mtoto mdogo asemaye kwamba yeye si mvulana kama walivyomwita, au si msichana kama walivyomvika. Hapo mkono wa kukunja na moyo wa kuumwa haiwezi kukaa pamoja. Mmoja hauna budi kuushinda mwenziwe.

Ziko filamu tatu za lugha ya Kifaransa ambazo zastahili kuwekwa pamoja kwa sababu ya nyumba hiyo. Ya kwanza ni Ma vie en rose, maana yake maisha yangu kwa rangi ya waridi, iliyotengenezwa na Mbelgiji Alain Berliner mwaka 1997. Ya pili ni Tomboy ya Céline Sciamma, ya mwaka 2011, ambayo jina lake ni neno la kumtajia msichana mwenye mwenendo wa kivulana. Waswahili husema jikedume, na aghalabu hawalisemi kwa kusifu. Ya tatu ni Petite fille, yaani msichana mdogo, ya Sébastien Lifshitz, ya mwaka 2020. Mbili za kwanza ni hadithi za kubuni. Ya tatu yaonyesha watu wa kweli wakiishi maisha yao wenyewe. Filamu ya Berliner ilituzwa Golden Globe mwaka 1998 kuwa filamu bora ya lugha ya kigeni, na ya Sciamma ilipata tuzo katika maonyesho ya Berlin. Lakini sifa haikuja peke yake. Huko Marekani Ma vie en rose ilitiwa katika daraja ambalo kijana wa chini ya miaka 17 haruhusiwi kulitazama pasipo mkubwa, ingawa ndani yake hamna tendo la faragha wala umwagaji wa damu. Huko Ufaransa, mwaka 2014, kikundi cha Civitas kiliwachochea watu waitake televisheni ya Arte isiionyeshe Tomboy, lakini Arte haikukubali. Petite fille nayo ilizusha mabishano ambayo hayakutulia upesi.

Katika mabishano hayo yote watu hubishana juu ya mtoto: ni nani, amekuwaje, nani amemfundisha, atakuwa nani baadaye. Walakini filamu zenyewe, zikitazamwa kwa makini, hazimchunguzi mtoto kwa namna hiyo. Mtoto aingia katika kila moja akiwa na lile alisemalo, wala hakuna aonekanaye kumfundisha. Wanaobadilika, au wanaokataa kubadilika, ni wakubwa. Basi kisa cha filamu hizi ni kisa cha nyumba, na kipimo chake hakiwezi kuwa kama nyumba ilipata jibu sahihi juu ya mtoto. Kipimo ni kingine: nyumba ilipofikiwa na jambo hili ilikubali kupoteza nini, na hasara hiyo ilitwikwa nani? Kwa kipimo hicho filamu tatu zaachana mbali sana, na ubora wa kila moja pamoja na kasoro yake hutokeza wazi.

Yafaa kwanza kujua elimu ya utabibu imefika wapi, maana katika filamu mbili kati ya hizi mzazi hubisha mlango wa mtaalamu. Shirika la Afya Duniani lilipoidhinisha mwaka 2019 orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022, liliiondoa hali hii katika sura ya maradhi ya akili na kuitia katika sura ya mambo yahusuyo afya ya kijinsia. Mtoto ambaye hajakaribia kubalehe hapewi dawa wala hapasuliwi kwa ajili yake. Anachoweza kupewa ni mavazi, jina, namna ya kuitwa, na subira. Uchunguzi uliochapwa Marekani mwaka 2016 uliwatazama watoto 73, wenye umri wa miaka 3 hadi 12, ambao jamaa zao waliwakubalia kuishi kwa jinsia waliyoisema wenyewe. Huzuni yao haikuzidi ile ya watoto wengine, na wasiwasi wao ulizidi kidogo tu. Kwa upande mwingine, taarifa ya Dokta Hilary Cass, iliyotolewa Uingereza mwezi wa Aprili 2024, ilisema kuwa ushahidi juu ya mabadiliko hayo ya mapema ni dhaifu, ikashauri hadhari kwa watoto wadogo na kwamba jamaa zao waonane mapema na tabibu mwenye ujuzi. Wataalamu basi hawajamaliza mazungumzo yao. Elimu yaweza kumwambia mzazi kuwa dharau humwumiza mtoto. Haiwezi kumwambia mtoto wa miaka saba atakuwa mtu wa namna gani atakapofika miaka ishirini. Mzazi hutakiwa kutenda leo na hakika iko kesho. Pengo hilo kati ya tendo na hakika ndimo sanaa ipatamo kazi yake, na ndimo filamu hizi tatu zilimotafuta.

Ma vie en rose yaanza kwa karamu. Jamaa ya Fabre wamehamia mtaa mpya wenye majani yaliyokatwa sawasawa na nyumba zifananazo, na jirani yao mmoja ndiye mkuu wa baba kazini. Watoto watambulishwa kwa wageni. Ludovic, mwenye umri wa miaka saba, atokea amevaa gauni la dada yake na midomo imepakwa rangi, na wageni wamdhania kuwa ndiye binti wa nyumba. Wazazi wacheka, wasema ni mzaha wa mtoto. Kicheko hicho ni ufunguo wa filamu nzima. Maadamu jambo ni mzaha, nyumba haina hasara. Yaweza kumpenda mtoto na kuupenda mtaa pamoja. Bibi mzaa mama atoa hata shauri kwamba mtoto aachiwe afanye atakavyo mpaka hamu imwishe. Ni shauri la upole, lakini ndani yake mna tumaini lile lile la mkunja samaki, ila kwa njia ndefu zaidi.

Mzaha wafikia kikomo mtoto atakapo kuolewa na mwana wa mkuu wa kazi. Arusi ya mchezo yafanywa chumbani, mama wa mvulana aiona, azimia. Baadaye, katika mchezo wa kuigiza wa shule, Ludovic achukua kwa hila nafasi ya msichana aliyepangiwa kuwa binti mfalme, na wazazi wa wanafunzi watia saini zao ili aondolewe shuleni. Baba afukuzwa kazi. Nyumba yaandikwa matusi. Hapa ustadi wa Berliner waonekana, maana hakumfanya mtu yeyote ndani ya nyumba kuwa mwovu. Mwanzoni mama ndiye mlaini na baba ndiye mwenye hofu. Kadiri hasara iongezekavyo wabadilishana nafasi, baba alainika na mama awa mgumu. Mama amkata mtoto nywele ndefu alizozipenda, na katika hasira amwambia kuwa yote yaliyowapata yametokana naye. Hiyo ndiyo hesabu yenyewe. Deni lililofanywa na majirani, na mkuu wa kazi, na shule, halikudaiwa kwao. Lililetwa nyumbani likadaiwa kwa mdogo aliyekuwa hana cha kulipia. Mtoto aelewa hesabu hiyo kuliko wote, naye ajificha ndani ya sanduku la kugandishia vyakula ili nyumba iondokewe na mzigo wake. Hapana tukio katika filamu hizi tatu lielezalo kwa ufupi zaidi bei ya msaada uliokoma.

Ipo na hekima nyingine katika filamu hii. Wakubwa wanapohesabu, mtoto afikiri. Asikia kuwa jinsia ya mtu huamuliwa kwa herufi mbili, naye abuni kisa cha herufi moja iliyopotea njiani ilipotoka kwa Mungu, na kwa hiyo atulia: kosa limetendeka, na kosa hutengenezwa. Ajiita kwa neno alilolitunga mwenyewe, mvulana-msichana, kwa utulivu wa mtu ajitajaye kabila lake. Mtazamaji aweza kukubali au kukataa fikira hizo, lakini hawezi kusema kuwa mtoto hafikiri. Nyumba ndiyo iliyoacha kufikiri, kwa kuwa hofu haina faragha ya kufikiri ndani yake.

Walakini mwisho wa filamu wapunguza uzito wa mwanzo wake. Jamaa wahamia Clermont-Ferrand, na huko jirani mpya ana mtoto wa kike apendaye mavazi ya kivulana, ambaye mama yake haoni aibu kwa hilo. Mama wa Ludovic ampiga mwanawe kwa mara nyingine anapomkuta katika gauni la kubadilishana, mtoto akimbia, mama amfuata hadi kwenye bango kubwa lenye picha ya mwanasesere ampendaye mtoto, na katika njozi amwona mwanawe akiingia ndani ya picha hiyo na kumwacha. Azindukapo amekwisha kubadilika, na wazazi wote wawili wamwambia Ludovic kuwa atabaki kuwa mtoto wao. Maneno hayo ni mazuri, lakini yamesemwa mahali ambapo hayana bei. Hapana tena mkuu wa kazi wa kumwogopa, wala saini za majirani. Filamu iliyoanza kwa kuonyesha kwamba upendo hupimwa na hasara yamaliza kwa kuiondoa hasara ndipo ikauruhusu upendo urudi. Tena badiliko la mama limeletwa na ndoto, si na fikira. Berliner alijua sana jinsi nyumba inavyovunjika. Jinsi inavyojengwa upya aliiachia rangi na muziki.

Tomboy yaelekea kinyume. Hakuna mkuu wa kazi, hakuna matusi ukutani, na karibu hakuna kelele. Mtoto wa miaka kumi, ambaye wazazi walimwita Laure, ahamia na jamaa zake katika mtaa mpya wakati wa likizo. Msichana wa hapo, Lisa, amchukulia kuwa mvulana. Mtoto hasahihishi, na aulizwapo jina ajibu Mickaël. Siku zote za likizo acheza mpira na wavulana, aogelea nao, apigana nao. Nyumbani ni Laure, na nyumba ni njema mno. Baba amfundisha kuushika usukani wa gari akiwa amempakata. Mama, aliye mjamzito, amwachia nywele fupi na kaptura. Mdogo wake, Jeanne, mwenye miaka sita, ndiye wa kwanza kuijua siri, naye aitunza, hata ajivuna kwa mwenzake kuwa ana kaka mkubwa wa kumlinda. Mtoto huyo wa miaka sita ndiye mtu pekee katika filamu aliyeombwa msaada akautoa pasipo kuuliza utamgharimu nini.

Ubora wa Sciamma ni kuonyesha kwamba wema waweza kuwa mwingi na msaada usiwepo. Wazazi hawa hawamdharau mtoto. Wamempa nafasi, wamempa mapenzi, wamempa kila kitu ila swali. Hawakumwuliza, naye hakuona njia ya kusema. Kunyamaza kwao hakukuwa ukatili. Kulikuwa ni raha, nayo raha haina mizizi. Mama wa mvulana aliyepigwa anapobisha mlango na kulitaja jina la Mickaël, aibu yaingia ndani ya nyumba mara moja, na mama wa Laure ampiga kofi mtoto. Kesho yake amvika gauni la buluu kwa nguvu na kumpeleka mlango hadi mlango kuwaungamia wenzake. Amwambia kuwa hataki kumwumiza wala kumpa fundisho. Masomo yanakaribia kufunguliwa, naye haoni njia nyingine, na kama mtoto anayo amwambie. Katika maneno hayo hasira imekwisha, na kilichobaki ni unyonge. Mkubwa amwomba mtoto wa miaka kumi ufumbuzi ambao dunia ya wakubwa haikuutengeneza, na ukikosekana, mtoto ndiye atakayevaa gauni. Tena hasara imeshuka hadi kwa aliye chini.

Baadaye mtoto alivua gauni hilo msituni na kuliacha likining'inia tawini. Mwisho wa filamu Lisa amrudia, amwuliza tena jina lake, na mtoto ajibu Laure. Wako waliosema kuwa jibu hilo ni kushindwa, na wako waliosema kuwa ni ukweli kurudi mahali pake. Filamu haisemi lolote kati ya hayo, na hapo ndipo ilipo juu ya zile nyingine mbili. Sciamma hakutoa ahadi juu ya mtu huyo atakavyokuwa. Alionyesha tu kwamba mtoto ameulizwa, mara hii na mtu aliyekwisha kuumizwa na uongo wake, naye yuko tayari kusikia jibu lolote. Swali ambalo nyumba haikuliuliza limeulizwa na mtoto mwenziwe nje ya nyumba.

Petite fille yaanza mahali ambapo hizo mbili zilikomea. Wazazi wamekwisha kusikia. Mtoto wa miaka saba, aliyezaliwa na mwili wa kiume katika mji mdogo wa Ufaransa, amekuwa akisema tangu udogoni kwamba atakuwa msichana, na nyumba yamwita msichana. Kinachobaki ni dunia ya nje: shule isiyokubali, na darasa la dansi ambako mwalimu amtoa nje. Kwa mwaka mmoja kamera ya Lifshitz yamfuata mama katika barua, mikutano na safari za kwenda hospitali Paris. Baba husema machache. Kwake hakuna mjadala, mtoto ni wake. Ndugu wa mtoto wajua kwamba nguvu nyingi za mama zaenda upande mmoja, nao wamekubali, lakini kukubali kwao kwaonekana kuwa ni kazi wala si wepesi. Hapa, kwa mara ya kwanza katika filamu hizi, hasara yatwikwa wakubwa. Mama alipa kwa siku zake na usingizi wake. Hata ndugu walipa kwa sehemu ya utoto wao. Filamu yastahili heshima kwa kutoficha malipo hayo.

Tukio lake kuu ni mazungumzo ya kwanza na daktari wa nafsi za watoto. Mama aungama jambo alilolibeba miaka mingi: wakati wa mimba alitamani mtoto wa kike, naye aogopa kuwa tamaa hiyo ndiyo iliyomfanya mtoto awe hivi. Daktari amwambia kuwa sababu haijulikani, na kwamba matamanio yake siyo sababu. Kisha mtoto aulizwa juu ya shule. Anyamaza, macho yajaa machozi, naye ajizuia yasianguke, kama mtu aliyezoea kujizuia. Katika dakika chache hizo mambo mawili yasimama uso kwa uso: hatia ya mzazi, ambayo hupenda kutafuta mwanzo wa jambo, na haja ya mtoto, ambayo ni juu ya Jumatatu ijayo. Kila nyumba yenye mtoto wa namna hii huvutwa na mambo hayo mawili. Nyumba ikiendelea kuuliza nani alikosa, mtoto atakwenda shule peke yake.

Lakini Petite fille ina kasoro mbili, na ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Ya kwanza ni kwamba wapinzani hawaonekani. Wakuu wa shule hawasikiki. Mtazamaji huwajua kwa taarifa ya mama tu. Kwa hiyo wawa ukuta, na ukuta haujifunzi. Laiti mmoja wao angesikika akieleza anaogopa nini, mtazamaji angeelewa jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kumfungia mtoto mlango bila ya kujiona mwovu, kama Berliner alivyoonyesha kwa majirani wake. Pia mashaka ya kesho, ambayo daktari mwenye uaminifu huyajua, yapita upesi mno. Kasoro ya pili yahusu picha yenyewe. Ludovic na Laure ni watoto wa kubuni. Waliowaigiza walivua nguo zao za mchezo wakaenda zao. Mtoto wa Petite fille hana nguo ya mchezo ya kuvua. Machozi yale yaliyozuiwa mbele ya daktari yametazamwa na watu wa nchi nyingi, na yataendelea kutazamwa mtoto huyo atakapokuwa mtu mzima wa namna yoyote. Wazazi walikubali kwa nia njema, wakitaka nyumba nyingine zisiwe peke yake, na bila shaka zipo zilizopata faraja. Hata hivyo ridhaa ya mtoto wa miaka saba si ridhaa kamili. Kipimo kilichotumiwa kwa nyumba hakina budi kutumiwa kwa msanii pia: msaada wa filamu hii kwa watoto wengine umelipwa na nani? Umelipwa, kwa sehemu, na mtoto mmoja.

Liko jambo jingine ambalo msomaji wa Kiswahili ana nafasi ya pekee ya kuliona. Lugha ya Kifaransa haimruhusu msemaji kumtaja mtu wa tatu pasipo kuchagua jinsia; kiwakilishi chachagua, na sifa zachagua hata pale msemaji anapomkabili mtu mwenyewe. Katika Tomboy mtoto hakuhitaji kudanganya kwanza; sarufi ya Lisa ilikwisha kumfanya mvulana kabla hajafumbua kinywa. Katika Petite fille vita vyote na shule vyaweza kuelezwa kuwa ni vita vya silabi moja. Kiswahili hakina silabi hiyo. Yeye ni yeye. Amekuja ni amekuja. Mtoto, mwana, ndugu, mjukuu, mpwa, mzazi, mwenzi, yote ni maneno yasiyouliza mwili. Uhakiki huu umewataja watoto watatu tangu mwanzo, na kiambishi kimoja cha a kimewatosha wote watatu bila ya kumhukumu hata mmoja. Mfaransa hawezi kufanya hivyo bila ya kuvunja lugha yake.

Basi mfasiri wa filamu hizi kwa Kiswahili atakuwa na shida ya ajabu: mengi yaliyo machungu katika Kifaransa yatatoweka kimya katika Kiswahili, naye atalazimika kuyatafutia mahali pengine pa kuumia. Jeanne ajivunapo juu ya kaka mkubwa, mfasiri lazima aandike kaka, maana akiandika ndugu yangu mkubwa, ujasiri wote wa mtoto yule utapotea. Lakini wasomi wasijisifu mapema. Sarufi isiyotenga haikuwazuia wasemaji wake kutenga. Kiswahili kilichosamehe katika kiambishi kimedai katika kaka na dada, katika jando na unyago, katika kanzu na kanga, na katika neno jikedume lenyewe. Lugha imewapa wasemaji wake mlango, lakini haikuwasukuma kupita. Thamani yake kwa mzazi ni ndogo lakini ni ya kweli: yamwezesha kuzungumza juu ya mwanawe kwa siku nzima, na jirani, na mwalimu, na tabibu, bila ya kulazimika kukata shauri ambalo bado hajawa tayari kulikata. Katika jambo ambalo hakika yake iko kesho, lugha iwezayo kungoja ni rafiki.

Fasihi ya Kiswahili nayo si ngeni katika hesabu ya nyumba na mtoto. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilionyesha jinsi ukali wa baba, uliodhaniwa kuwa ni ulinzi, unavyoweza kumtoa binti nyumbani akiwa hana silaha. Jambo lake ni jingine, lakini deni ni lile lile: mkubwa aogopa aibu, mdogo ailipa. Mwandishi wa Kiswahili atakayekishika kisa cha mtoto kama hawa watatu hana haja ya kuiga mitaa ya Ufaransa. Nyumba anayo, yenye bibi na shangazi na mjomba na jirani aingiaye bila ya kubisha, ambamo hasara haigawanywi kwa watu wawili tu. Ajifunze kwa Berliner jinsi hofu ya riziki inavyobadili sura ya mama. Ajifunze kwa Sciamma kwamba wema usiouliza hautoshi. Ajifunze kwa Lifshitz kuwa malipo ya wakubwa yastahili kuonyeshwa, na kwa kasoro yake ajifunze kuwa mtoto wa kweli asifanywe malipo ya sanaa.

Kwa kipimo kilichotumiwa hapa, Tomboy ndiyo filamu kamili kuliko zote, Ma vie en rose ndiyo yenye elimu kubwa zaidi juu ya jamii, na Petite fille ndiyo pekee ambamo nyumba yenyewe imeushika mzigo. Zikiwekwa pamoja zasema neno moja ambalo hakuna hata moja ilisemayo peke yake. Kumsaidia mtoto mdogo katika hali hii si kutoa hukumu kwamba yeye ni nani. Hukumu yaweza kungoja, mtoto hawezi. Ni kukubali kwamba, wakati wa kungoja, aibu na gharama na maswali ya watu vitasimama mlangoni na kumkuta mkubwa kwanza. Mkunja samaki huharakia umbo. Mwenye uchungu wa mwana hujua kwamba umbo si lake kulitoa. Lililo lake ni kusimama mlangoni.